Pezi Lisiloota: Mafunzo Niliyopata kwa Samaki Pundamilia

Kwa kijana unayeingia maabara ukitaka kujua mwili unavyoundwa, haya ndiyo yaliyonifaa kuliko vitabu vingi.

1. Ukiona kiungo hakipo, rudi nyuma

Samaki pundamilia hutaga asubuhi, taa zikiwashwa. Katika joto la nyuzi 28.5, siku moja tu inatosha kiinitete kuwa na macho na moyo unaodunda, na kwa kuwa mwili wake unapenyeza mwanga, yote hayo unayaona chini ya hadubini akiwa hai.

Nakumbuka nilipotazama kwa mara ya kwanza viinitete vyenye hitilafu iitwayo neckless, yaani “bila shingo”. Moyo ulidunda, mkia ulipapatika, lakini mahali pa mapezi ya kifuani palikuwa laini kabisa. Nilimgeuza mmoja kwa ncha ya sindano, upande huu na huu, nikitafuta hata kijivimbe. Hamna.

Chanzo ni jeni moja, aldh1a2. Hiyo ndiyo inayobeba maelekezo ya kimeng'enya kinachotengeneza asidi ya retinoiki kutokana na vitamini A ambayo mama ameiweka akiba katika kiini cha yai. Kilichonishangaza zaidi ni wakati: asidi hiyo huhitajika saa nyingi kabla chipukizi la pezi halijaonekana. Basi usikodolee macho pale palipo pengo. Chunguza yaliyotokea kabla.

2. Anayevunja naye ni mjenzi

Wengi hupenda jeni zinazotengeneza vitu. Mimi niliipenda cyp26a1, ambayo kimeng'enya chake huivunja asidi ileile. Kikikosekana, asidi huvuka mipaka yake, na sehemu ya mbele ya uti wa mgongo hutanuka, kinyume cha neckless, ambao kwao sehemu hiyo hupungua. Samaki wanaokosa kimeng'enya hicho wakaitwa giraffe, yaani “twiga”. Seli husoma kiasi: asidi ikiwa nyingi zinashika njia moja, ikiwa kidogo zinashika nyingine. Kwa hiyo kila unapochunguza kimeng'enya, uliza pia nani anaondoa kile kinachozalishwa.

3. Usiwatupe ndugu wazima

Wazazi wote wawili wakibeba nakala moja mbovu ya jeni kama hizi, takriban robo ya watoto huathirika. Wale wazima waliokulia sahani moja nao ndio kipimo chako bora.

4. Samaki huyu anatuhusu

Takriban asilimia 70 ya jeni zetu zina wenzao kwa samaki pundamilia. Binti wa jirani aliponionyesha vidonge vyake vya chunusi, nilisoma jina nikashtuka: isotretinoini, dawa ya jamii moja na asidi ile niliyoitazama miaka mingi. Kijusi cha binadamu nacho hujengwa kwa kiasi maalumu cha asidi hiyo, na dawa hii ikitumiwa wakati wa ujauzito inaweza kumletea mtoto kasoro kubwa za kuzaliwa. Ukiandikiwa dawa hiyo nawe una mimba au unatarajia kuipata, mwambie daktari kabla hujameza kidonge cha kwanza.