Mizizi Inayoziba Mabomba ya Choo

Siku hizi baadhi ya nyumba katika Kisii na Nyamira zina choo cha kuvuta maji, na nje uani liko tangi la septiki la kupokea maji machafu. Ni jambo jema. Lakini mashamba yetu ni madogo: mikaratusi iko mpakani, mgrevilea kando ya njia, mparachichi nyuma ya jiko, na bomba hupita katikati yao. Baada ya miaka michache choo hukataa kushusha maji, na mwenye nyumba humlaumu fundi.

Yafaa kwanza ujue jinsi mzizi unavyoingia. Watu wengi hudhani kwamba mzizi hutoboa bomba kama msumari. Sivyo. Mzizi hufuata unyevu. Bomba likiwa na ufa, au kiungo kilichotiwa saruji vibaya, maji hutoka kidogo kidogo, na mzizi mwembamba kama uzi hupenya hapo hapo. Ndani hukuta maji na chakula siku zote, hata Januari wakati udongo wa juu umekauka. Basi huongezeka mpaka ukawa kama mkia wa ng'ombe, ukanasa karatasi na mafuta ya jikoni, na ukinenepa pale kiungoni hupasua bomba. Mabomba ya udongo wa kuchoma na ya saruji ndiyo yaingiwayo zaidi, maana ni mafupi na viungo vyake ni vingi.

Mkorofi mkubwa ni mkaratusi. Uliletwa Kenya mwaka 1902 ili zipatikane kuni za magari ya moshi, na kwetu hupendwa kwa nguzo na kwa kuni za viwanda vya chai. Siukatai. Lakini hunywa maji mengi, hata mwaka 2009 Waziri wa Mazingira, John Michuki, aliamuru ing'olewe kando ya mito na chemchemi. Ukiweza, uupande mita 30 mbali na nyumba na bomba.

Maji ya choo yakishuka polepole huku yakibubujika, au majani yaliyo juu ya bomba yakiwa mabichi kuliko mengine wakati wa kiangazi, usingoje. Nyumba zetu ziko juu kilimani na chemchemi ziko chini. Uchafu utokao katika bomba lililopasuka huteremka na mvua mpaka pale jirani anapochota maji ya kunywa, na homa ya matumbo na kipindupindu hupita njia hiyo hiyo.

Funua shimo la ukaguzi lililo karibu na nyumba. Likiwa limejaa, kizuizi kiko mbele yake, upande wa tangi. Likiwa tupu, kizuizi kiko kati yake na choo. Hivyo hutachimba ua mzima. Ukitumia fimbo za kuzibulia, zile za kuunganishwa, zisukume huku ukizizungusha upande wa kuume tu. Ukizungusha kushoto zitafunguka ndani ya bomba. Mimi nilifanya kosa hilo nyumbani, nikachimba futi nne kutafuta fimbo mbili.

Lakini kukata mizizi kwa fimbo ni kama kunyoa ndevu, itaota tena. Fukua mahali palipoharibika, ukate mzizi, utie bomba la plastiki la inchi 4 lenye viungo vya gundi au vya mpira. Kwa kila futi 40 lishuke futi moja. Kabla ya kufukia, mwaga ndoo kadhaa za maji na uangalie kila kiungo.

Wengine humwaga mrututu chooni. Ni kweli mrututu huua mizizi, lakini huua pia vijidudu vinavyoozesha uchafu katika tangi, na shaba yake hubaki udongoni. Wewe uliyezoea kupulizia kahawa dawa ya shaba usidhani kila mahali ni shamba la kahawa. Tena usimruhusu mtu yeyote kuingia ndani ya tangi, hata likiwa tupu. Hewa yake huua kabla mtu hajapiga kelele, na amfuataye kumwokoa hufa naye. Ita lori la kunyonya maji taka.

Mkaratusi ukikatwa huchipua. Ng'oa kisiki, au vunja machipukizi kila yanapotokea mpaka kisiki kife. Na kama mti ni wa ndugu yako ng'ambo ya mpaka, usichukue panga kwanza. Mwite siku ya kufukua, auone mzizi ukiwa ndani ya bomba. Maneno ya mpaka yamegombanisha jamaa wengi hapa kwetu, na mzizi ulioonekana kwa macho hauna ubishi.

Ukimaliza kufukia, panda nyasi tu juu ya bomba. Kisha chora katika karatasi njia ya bomba, ukipima hatua toka pembe ya nyumba, uiweke pamoja na hati ya shamba, ili mwanao asije akapanda mti pale pale.