SOMO KWA WATUMISHI NA WANANCHI: KUMCHAGUA MTENGENEZAJI WA KIVUKO NA KUMWINGIZA KAZINI

Mkazi wa Buhare, mjini Musoma, mwenye shughuli Kinesi huvuka Ghuba ya Mara kwa kivuko. Kivuko kikisimama, humlazimu kuzunguka kwa barabara kupitia daraja la Kirumi. Kwa hiyo, uchaguzi wa mtengenezaji wa chombo hicho si jambo la maofisa ununuzi peke yao. Somo hili linaeleza hatua nne ambazo mtumishi anapaswa kuzizingatia na mwananchi kuzifahamu.

1. Kuainisha mahitaji
Kabla ya zabuni kutangazwa, idara husika sharti ihesabu abiria, magari na mizigo ya siku ya kawaida na ya siku ya gulio. Kivuko MV Nyerere, kilichokuwa na uwezo wa abiria 101, kilizama karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018 kikiwa kimejaza kupita kiasi, na watu zaidi ya 200 walipoteza maisha. Kivuko kilichofuata, MV Ukara II, kiliundwa na kampuni ya Songoro Marine kikiwa na uwezo wa abiria 300 na tani 100. Kujaza kupita kiasi ni kosa la uendeshaji. Hata hivyo, chombo kilicho kidogo kuliko haja hulikaribisha kosa hilo.

2. Kumpima mtengenezaji
Bei ya chini isiwe kigezo pekee. Kamati ya tathmini itake orodha ya vyombo ambavyo mzabuni ameviunda, iwaulize wanaovitumia, ikague karakana na mafundi wake, na ithibitishe uwezo wake wa fedha. Aidha, ijiridhishe kuwa anaweza kuifanya kazi mahali inapohitajika. Meli kubwa haziwezi kuingia Ziwa Victoria kutoka baharini. Ndiyo maana MV Victoria, iliyotengenezwa na kampuni ya Yarrow ya Scotland, ililetwa vipande vipande na kuungwa Kisumu, ikaanza kazi mwaka 1961.

3. Kumwingiza kazini
Mtengenezaji aliyeteuliwa asiachwe afanye kazi peke yake. Mkataba ueleze bayana:
(a) malipo yatakayotolewa kwa kila hatua iliyokaguliwa;
(b) dhamana ya utekelezaji na kipindi cha matazamio;
(c) vipuri, michoro na vitabu vya matengenezo vitakavyokabidhiwa;
(d) mafunzo ya manahodha na mafundi kabla ya safari ya kwanza.
Mhandisi wa upande wa Serikali awepo karakanani tangu bamba la kwanza linapokatwa, kwa kuwa ungio bovu likishapakwa rangi huwa gumu kuonekana.

4. Majaribio na mapokezi
Katika miaka ya 2010, Serikali ilinunua kivuko MV Dar es Salaam, cha safari za Bagamoyo, kwa zaidi ya shilingi bilioni 7. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali alibaini kuwa mwendo wake haukufikia kiwango kilichotakiwa katika mkataba. Funzo lake ni kwamba majaribio yafanyike chombo kikiwa na mzigo, vipimo viandikwe mbele ya pande zote mbili, na malipo ya mwisho yazuiliwe mpaka kasoro zirekebishwe. Ofisa akitia saini hati ya mapokezi kabla ya vipimo kutimia, anaidhoofisha nguvu ya Serikali ya kumdai mtengenezaji.

Inakumbushwa kuwa Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya mwaka 2023 inataka ununuzi wa taasisi za umma upitie mfumo wa kielektroniki wa NeST. Mfumo huo huweka kumbukumbu za zabuni, lakini hauwezi kugonga bamba la chuma wala kupima mwendo wa chombo. Kazi hiyo inabaki kwa mtumishi, na anayeutegemea uaminifu wake ni abiria aliyesimama gatini.