UCHAMBUZI WA FILAMU: "T-REX", BINTI WA NGUMI

Ukiulizwa dhamira ya hadithi, usikimbilie mwisho wake. Hebu tujaribu kanuni hii kwa filamu ya maisha halisi iitwayo "T-Rex", iliyotolewa mwaka wa 2015 na Zackary Canepari na Drea Cooper.

Mhusika mkuu: Ni Claressa Shields, aliyezaliwa 1995 katika mji wa Flint, Marekani. Viwanda vingi vya magari vilikuwa vimefungwa huko, na kazi zikawa adimu. Babake, ambaye naye aliwahi kupigana ngumi, alimwambia kwanza kuwa huo ni mchezo wa wanaume. Binti hakusikia. Alianza mazoezi akiwa na umri wa miaka 11, chini ya mkufunzi Jason Crutchfield, ambaye baadaye alimpokea nyumbani kwake.

Msuko: Wanaume walianza kupigana ndondi katika Olimpiki mwaka wa 1904. Wanawake je? Walingoja hadi London, 2012! Claressa, mwenye miaka 17 tu, alishinda dhahabu katika uzani wa kilo 75. Katika uzani uo huo alikuwamo Mkenya, Elizabeth Andiego, mwanamke wa kwanza wa nchi yetu kupanda ulingo wa Olimpiki.

Mgogoro: Wengi wangefikiri hadithi imekwisha. La, hasha! Claressa anarudi Flint na medali yake, lakini kampuni za matangazo hazibishi hodi. Nyumbani bado wanamtegemea. Anashauriwa aache kusema kwamba anapenda kuwapiga watu. Jamani, bondia asipende kupiga, apende nini? Mwanamume akisema hivyo husifiwa kuwa simba. Msichana huambiwa ati hana adabu.

Dhamira: Basi dhamira si dhahabu. Ni kwamba msichana akishashinda ulingoni, humngoja pambano jingine nje ya kamba, ambalo halina refa wala kengele. Claressa hakubadilisha ulimi wake. Alirudi mazoezini, na mwaka wa 2016 akatwaa dhahabu ya pili huko Rio. Hakuna Mmarekani mwingine, mume kwa mke, aliyekuwa ameshinda dhahabu ya ndondi katika Olimpiki mbili mfululizo.

Lugha: Tazama neno "bondia". Halisemi mume wala mke. Kiswahili kimewafungulia wote mlango; ni sisi tunaosimama hapo na kuuliza, "Wa kike?" Tuichunge midomo yetu, hasa wakati wa kuchagua michezo hapa shuleni.

Maswali ya mjadala:
1. Je, mkufunzi ni mhusika msaidizi au mzazi wa pili? Toa sababu.
2. "Mwacha asili ni mtumwa." Husisha methali hii na ushauri aliopewa Claressa.
3. Taja kazi tatu ambazo majina yake hayabagui, lakini watu hubagua.