Karafuu Hulituliza Jino, Hailiponyi: Somo Juu ya Ukoga



Hapana nyumba ya mkulima wa karafuu isiyojua dawa ya jino linalouma. Mtoto akilia usiku, mama huchukua karafuu moja, huiponda kidogo, huipachika penye kishimo cha jino, na baada ya muda mfupi mtoto hulala. Dawa hii si uwongo. Karafuu ina mafuta, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni kitu kiitwacho yujenoli, ambacho hutia ganzi na tena huua baadhi ya vijidudu. Hata madaktari wa meno huchanganya yujenoli na unga wa oksaidi ya zinki, wakapata dawa ya kuzibia jino kwa muda. Kwa hiyo zao letu lina heshima yake.

Lakini jino lililonyamaza si jino lililopona. Katika somo hili tutatazama kinachoendelea ndani ya kishimo wakati mtoto amelala na sisi tumekwenda shambani kuchuma.

UKOGA NI NINI?

Asubuhi, kabla ya kupiga mswaki, pitisha ukucha juu ya jino. Utapata uchafu mweupe, laini, unaonata. Huo ndio ukoga. Wengi hudhani ni mabaki ya chakula. Sivyo. Ukoga ni mji wa vijidudu vilivyo hai. Mwaka 1683 Antoni van Leeuwenhoek, mtu wa Delft katika Uholanzi, aliutazama ukoga wa meno yake mwenyewe kwa darubini aliyoitengeneza kwa mkono wake, akaona viumbe vidogo vikienda huku na huku. Habari hizo akawaandikia wataalamu wa London.

Katika mji huo mna makabila mengi, lakini leo yatutosha mawili.

Kabila la kwanza ni bakteria. Mmoja wao ni Streptococcus mutans, aliyepewa jina hilo mwaka 1924 na J. Kilian Clarke wa Uingereza, baada ya kumpata katika meno yaliyooza. Bakteria huyu hula sukari, na akila hutoa asidi, yaani uchachu kama wa siki. Asidi hiyo huyeyusha ngozi ngumu ya jino kidogo kidogo, mpaka kishimo kikatokea.

Kabila la pili ni kuvu, na mkubwa wao kinywani ni Candida albicans. Huyu ni wa jamaa ya hamira tunayotia katika unga wa maandazi. Watu wengi wazima wanaye kinywani wala hawadhuriki. Huweza kukaa katika umbo la punje, na huweza kuota nyuzi ndefu. Punje yake moja ni pana kuliko bakteria mara nyingi.

NYUMBA YA MITI NA UDONGO

Zamani ilidhaniwa kwamba kuoza kwa meno ni kazi ya bakteria peke yao. Siku hizi imeonekana kwamba kwa watoto wadogo ambao meno yao huoza mengi kwa pamoja na kwa haraka, mara nyingi makabila haya mawili hukutwa pamoja katika ukoga. Jinsi yanavyosaidiana ni jambo la kustaajabisha, na mtu aliyejenga nyumba ya udongo atalifahamu upesi.

Nyumba ya udongo yataka miti na fito, kisha udongo wa kukandikia. Katika ukoga, miti na fito ni kuvu na nyuzi zake. Udongo ni gundi inayotengenezwa na bakteria. Bakteria hutoa kimeng'enya, yaani kitu cha kugeuzia, ambacho huigeuza sukari ya kawaida kuwa gundi inayonata kama ulimbo. Kimeng'enya hicho hakikai kwa bakteria tu. Hushika juu ya ngozi ya kuvu, na hapo huendelea kutengeneza gundi, hata kuvu naye akafunikwa. Bakteria wengine huja wakanata juu yake, na ukuta ukazidi kuwa mnene. Mate, ambayo kazi yake moja ni kupunguza makali ya asidi, hayapenyi vyema tena, na asidi hubaki imefungiwa juu ya jino.

Tena wenyeji hao hulishana. Kuvu huipasua sukari ikawa nyepesi kuliwa na bakteria, na asidi ya bakteria huweza kuwa chakula cha kuvu. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani, akiwamo Hyun Koo wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, walieleza kwamba panya waliotiwa makabila yote mawili, wakalishwa sukari, walioza meno vibaya kuliko waliotiwa kabila moja tu. Mwaka 2022 Koo na wenzake wakaeleza jambo jingine: katika mate ya watoto wenye meno mabovu walikuta mafungu ya bakteria na kuvu walioshikamana, na mafungu hayo yalisogea juu ya jino kwa nyuzi za kuvu, kana kwamba bakteria wamepata miguu ya kuazima.

Sasa shikeni neno moja. Pasipo sukari, makabila haya mawili hayashikani vyema. Miti ipo, wajenzi wapo, lakini udongo hakuna. Udongo tunauleta sisi, katika chai, katika soda, katika pipi, na katika chupa ya maziwa yenye sukari anayolala nayo mtoto.

SAA YA HATARI

Miaka ya 1940 Robert Stephan wa Marekani alipima asidi juu ya meno ya watu baada ya kusukutua maji yenye sukari. Asidi ilipanda katika dakika chache tu, kisha ikachukua kama nusu saa au zaidi kurudi chini. Basi mtu anayekunywa chai ya sukari mara moja pamoja na chakula ana saa moja ya hatari. Anayeonja kitu kitamu kila baada ya nusu saa, jino lake halipumziki kutwa. Na mtoto aliyelala na chupa kinywani ana hatari usiku kucha, kwa kuwa usingizini mate hupungua.

KARAFUU HUFANYA NINI HAPO?

Karafuu hutia ganzi. Haibomoi nyumba, haiondoi sukari, wala haizibi kishimo. Maumivu yakituliwa, wazee hufurahi na safari ya hospitali huahirishwa mpaka msimu uishe. Kumbe vijidudu vinaendelea kushuka mpaka kwenye mzizi. Siku moja shavu hufura na homa hupanda. Hapo si jambo la jino tena, ni jambo la roho ya mtoto.

Tena tujihadhari na mafuta yenyewe. Mafuta ya karafuu yasiyochanganywa huunguza ufizi, na mtoto mdogo akinywa hata kijiko kimoja au viwili aweza kuzimia na ini lake kuumia. Chupa ya mafuta na iwekwe mahali asipofika.

MAMBO YA KUSHIKA

1. Piga mswaki mara mbili kwa siku, na usiku usikose. Ukuta wa ukoga hubomolewa kwa kusugua, si kwa kusukutua tu.

2. Tumia dawa ya meno yenye floraidi. Mtoto wa chini ya miaka 3 apewe kadiri ya punje ya mchele, na aliyezidi hapo kadiri ya punje ya mbaazi. Mzazi amsugue mwenyewe.

3. Vitu vitamu viliwe wakati wa chakula. Usiku, baada ya mswaki, ni maji matupu.

4. Wazee wenye meno ya bandia wayavue usiku na kuyasugua, maana kuvu hupenda kukaa chini yake.

5. Usimeze dawa za kuua bakteria bila kuambiwa na daktari. Baadhi ya bakteria humzuia kuvu asitawale, na wakifa wote yeye huota utando mweupe kinywani.

6. Karafuu iwe dawa ya usiku mmoja, na kesho iwe safari ya kwa daktari wa meno. Shavu likifura, au mtoto akishindwa kumeza, usingoje kesho.

MASWALI YA KUJIPIMA

Katika nyumba ya ukoga, miti ni nani? Udongo hutoka wapi? Kwa nini jino lililonyamaza laweza kuwa baya kuliko linalouma? Mwanachama atakayewajibu watoto wake maswali haya bila kutazama karatasi, amelipata somo.