Maana za Neno "Majusi": Kutoka Wamedi hadi Kiswahili

Ukiulizwa mamajusi ni akina nani, huenda ukajibu haraka: "Ni wale watatu waliomletea mtoto Yesu zawadi." Mtahiniwa, jibu hilo halitoshi. Neno moja huweza kubeba maana kadhaa, na muktadha ndio unaoamua ipi inahusika.

Asili ya neno
Wamedi waliishi kaskazini magharibi mwa Iran ya leo. Herodoto, mwanahistoria Mgiriki wa karne ya 5 KK, anawataja Mamajusi kuwa moja ya makabila sita ya Wamedi. Kutoka Kiajemi cha kale neno liliingia katika Kiarabu, na Kiswahili kikalitohoa kutoka Kiarabu.

Maana zake
1. Mtu wa kabila hilo la Wamedi.
2. Kuhani. Herodoto anaeleza kuwa Waajemi hawakutoa sadaka bila majusi kuwapo. Hapa jina la kabila limekuwa jina la kazi.
3. Mfuasi wa dini ya Zoroasta, ambayo huheshimu moto. Ndiyo maana iliyozoeleka katika Kiarabu, na neno limo katika Kurani, sura ya 22, aya ya 17.
4. Mnajimu, yaani msomaji wa nyota. Taz. Mathayo, sura ya 2.
5. Mchawi. Wagiriki walilikopa neno hili wakalitumia pia kwa dharau. Katika Matendo, sura ya 13, Elima anaitwa kwa neno lilelile la Kigiriki lililotumika katika Mathayo 2, lakini Biblia ya Kiswahili inamwita mchawi.

Makosa ya kuepuka
(a) Kuandika umoja wake "jusi". Silabi "ma" ya kwanza katika "majusi" ni sehemu ya mzizi, si kiambishi cha wingi. Umoja ni majusi, wingi ni mamajusi: Majusi amefika, Mamajusi wamefika.
(b) Kuandika kuwa Mathayo anataja mamajusi watatu. Hataji idadi yao. Zilizo tatu ni zawadi: dhahabu, uvumba na manemane.

Swali la mfano
Eleza maana ya "majusi" katika sentensi hii: Majusi alikesha akipima mwendo wa nyota.

Jibu: Mnajimu. Maneno "akipima mwendo wa nyota" yanaonyesha kazi yake.

Kumbuka: taja maana, kisha onyesha neno katika sentensi linalokuthibitishia. Ukiishia kwenye maana tu, umejibu nusu ya swali.