HALZETI NA INI: BARAKA HAITAKI ISRAFU



Katika darasa yetu ya hapa Liwatoni tumeulizwa na ndugu mmoja: "Mimi hula pilau na mahamri kama watu wote, lakini kila asubuhi hunywa vijiko viwili vya halzeti. Je, ini langu si limo katika amani?" Swali hili si la mtu mmoja. Wengi katika mji wetu wameifanya chupa ya halzeti kuwa kama hirizi. Basi tumeona yatupasa kulijibu.

Kwanza tulijue ini lenyewe. Ini la mtu mzima lina uzito wa kadiri ya kilo moja na nusu, na kazi yake moja ni kukitengeneza chakula baada ya kutoka matumboni. Shahamu ikizidi sehemu 5 katika 100 za ini, matabibu husema ini limeingia mafuta. Maradhi haya aghalabu hayaumi mwanzoni. Mtu huenda sokoni na msikitini naye hana habari. Lakini kwa baadhi ya watu ini hufura, likafanya makovu, na mwisho wake huweza kuwa kukauka kwa ini au saratani. Wala mtu asijidanganye kwa kusema: "Mimi sinywi ulevi." Ulevi ni sababu moja, unene, kisukari na kula kupita kiasi ni sababu nyingine, nazo zimo majumbani mwetu.

Ama mzaituni, ni mti uliotajwa kwa baraka katika Suratun Nur, na hilo halina shaka. Elimu nayo imeuona ubora wa mafuta yake. Mwaka 2018 wataalamu wa Finland walitangaza uchunguzi wao juu ya watu 38 wanene, waliozidishiwa chakula cha kalori 1,000 kila siku kwa muda wa wiki tatu. Waliozidishiwa mafuta ya nazi, siagi na jibini, shahamu ya maini yao iliongezeka kwa 55 katika 100. Waliozidishiwa vitu vitamu, kwa 33. Na waliozidishiwa zaidi halzeti na kokwa, kwa 15.

Msomaji na azingatie mambo mawili hapa. La kwanza, halzeti imedhuru kidogo kuliko vyote. La pili, hata hiyo halzeti imeongeza shahamu, kwa sababu imeletwa juu ya shibe! Kijiko kikubwa kimoja kina kalori kadiri ya 120. Basi ndugu yetu anywaye viwili kisha akala kama desturi yake, hakujitibu, amejizidishia. Halzeti yafaa ikishika mahali pa samli, si ikipandishwa juu ya samli.

Na asiyeweza kuinunua asijione amenyimwa. Mwaka 2014 wataalamu wa Uppsala, nchini Sweden, waliwalisha vijana 39 chakula cha ziada kwa wiki saba, wengine kwa mafuta ya mawese na wengine kwa mafuta ya alizeti. Wa mawese ndio ambao maini yao yaliingia shahamu nyingi zaidi.

Sisi watu wa pwani hatuna udhuru. Samaki huteremshwa papa hapa Liwatoni. Kwa nini lazima azamishwe katika karai ya mafuta yaliyochemka mara kumi? Na achomwe, atiwe ndimu na chumvi. Tui la nazi hatulikatazi, lakini lisiwe la kila siku na kila sahani. Soda na sharubati tuzipunguze, hasa wakati wa futari. Mwenye unene akipunguza sehemu 7 hadi 10 katika 100 za uzito wake, ini hupata nafuu kubwa. Na mwenye kisukari aende hospitali akapimwe, asingoje maumivu.

Mwenyezi Mungu aliyeubariki mzaituni ndiye aliyetukataza israfu katika kula na kunywa. Tusiishike amri moja kwa kijiko tukaiacha ya pili kwa sinia.

Wabillahi tawfiq.