Flaya Yenye Rangi Hadi Ukingoni, na Nambari ya Till Isiyokatika

Mteja wetu mmoja wa Mosocho anauza miche ya avokado kando ya barabara ya Kisii kwenda Kisumu. Flaya zake alijitengenezea nyumbani: kijani kote, picha ya avokado, bei, na chini kabisa nambari yake ya Till. Printa ikatoa kila karatasi na mpaka mweupe pande zote. Hakuupenda. Akachukua makasi akaukata, na kwenye flaya kadhaa tarakimu ya mwisho ya Till ikaenda na huo mpaka.

Siku mbili baadaye mnunuzi akapiga simu: "Mama, nimeshalipa, mbona kimya?" Pesa ilikuwa imeingia kwa duka lingine.

Linawezekana kabisa. Si Till zote zina idadi moja ya tarakimu. Kuna za tano, sita na saba. Ya tarakimu saba ikipoteza moja, sita zilizobaki zinaweza kuwa Till halali ya mtu mwingine. Ni kweli jina la mpokeaji hutokea kwenye simu, lakini kama flaya haina jina la biashara jinsi lilivyosajiliwa, mnunuzi atalinganisha na nini?

Sasa, huo mpaka mweupe unatoka wapi? Printa nyingi haziweki wino hadi mwisho wa karatasi, kwa sababu roli zinahitaji mahali pa kushikia. Baadhi za nyumbani zina chaguo la kuprinti bila mpaka, lakini zikifanya hivyo hukuza picha kidogo ili imwagike nje ya karatasi. Kinachomwagika kinapotea, hata kama ni Till yako.

Wenye mashine kubwa hufanya hivi: wanaprinti kwenye karatasi kubwa kuliko flaya, wanaipitisha rangi nje ya mstari wa kukata, kisha wanakata. Wewe pia unaweza, na A4 ya kawaida inatosha.

Chukua flaya ya milimita 90 kwa 130. Ongeza rangi ya nyuma milimita 3 kila upande, iwe 96 kwa 136. Nne zinaingia kwenye A4 moja (210 kwa 297): mbili kwa upana zinakula 192, mbili kwa urefu 272, na nafasi nyeupe ya printa inabaki. Weka vistari vidogo vya kukatia kwenye pembe, nje ya flaya. Karatasi 25 zinakupa flaya 100.

Rangi inatoka nje, lakini maandishi yanarudi ndani. Bei na maelezo yakae angalau milimita 5 kutoka mstari wa kukata. Till ipe milimita 10, na jina la biashara liwe juu yake palepale. Kama una msimbo wa QR, uache na nafasi nyeupe kuuzunguka. Ukiuzamisha kwenye kijani simu nyingi zitahangaika.

Wakati wa kuprinti, chagua saizi halisi, yaani asilimia 100. Printa ikiachwa ifitishe kazi kwenye karatasi yenyewe, vipimo vyote vinabadilika na utalaumu rula bure.

Kwa kukata, makasi hapana, mkono huyumba. Tumia rula ya chuma na kisu cha kukatia karatasi juu ya katoni nzee, karatasi mbili tatu kwa wakati. Ukiwa na nyingi, zipeleke cyber yenye mashine ya kukatia. (Na kwa mvua za Kisii za mchana: wino wa printa nyingi za nyumbani hutiririka ukilowa, kwa hivyo flaya za kubandika nje afadhali zitoke kwa printa ya leza.)

Kabla ya kuprinti zote 25, toa karatasi moja tu. Ikate. Mpe jirani flaya moja, usimtajie nambari, na mwombe alipe shilingi 10 akisoma hapo. Jina lako likitokea kwenye simu yake na hela ikiingia kwako, endelea na zile 24. Mteja wetu wa Mosocho sasa hufanya hivyo kila akibadilisha bei, na shilingi 10 humrudishia jirani.